Mcheza Kwao Hupewa Soda

Wahenga walituahidi kwamba mcheza kwao hutuzwa. Huku kwetu Muhoroni, mcheza kwao hupewa soda. Mgeni wa heshima akiwa mkubwa sana, soda huja na mkate.

Nitasema ninachotaka mapema ili tusipotezeane muda. Muhoroni haihitaji tamasha jingine la siku moja. Haihitaji fulana za bure, wala lori lenye spika, wala mheshimiwa wa kufungua shughuli kisha aondoke na msafara wake kabla wachezaji hawajapanda jukwaani. Inahitaji baraza la sanaa: dogo, la wasanii wenyewe, lenye akaunti ya benki, ufunguo wa ukumbi na kalenda ya mwaka mzima. Na baraza hilo lisimame juu ya pesa isiyodai kusifiwa. Hapo ndipo vita vilipo. Pesa ya sanaa kwetu haijawahi kukosekana kabisa. Huja, tena kwa vishindo, lakini kila ikija lazima jina la mtu litajwe kwenye wimbo.

Kwa anayesoma akiwa Nairobi au Mombasa: Muhoroni iko kama kilomita 50 mashariki mwa Kisumu, kando ya reli ile ya kikoloni iliyofika ziwani mwaka 1901. Ni nchi ya miwa. Eneo bunge lina wadi tano, yaani Miwani, Ombeyi, Masogo/Nyang'oma, Chemelil/Tamu na Muhoroni/Koru, na ukiyasoma hayo majina umesoma pia historia ya sukari Kenya: kiwanda cha Miwani kilichoanza miaka ya 1920, kisha Chemelil na Muhoroni vilivyojengwa miaka ya 1960. Wengi wetu ni Wajaluo, lakini ukivuka kidogo tu uko kwa Wakipsigis na Wanandi, na nyumba za viwandani zilichanganya Waluhya, Wakisii na kila mtu aliyekuja kutafuta kibarua. Sokoni mtu huuliza bei kwa Kijaluo, akajibiwa kwa Kikalenjin, wakamalizana kwa Kiswahili.

Mahali kama hapo hapakosi sanaa. Kuna ohangla na benga. Kuna wazee wachache wa nyatiti na orutu. Kuna kwaya za kanisa zinazofanya mazoezi makali kuliko jeshi, walimu wanaoandika tamthilia za mashindano ya shule usiku baada ya kusahihisha vitabu, vijana wa rapu wanaorekodi kati ya magodoro mawili ili mwangwi upungue, wachoraji wanaopamba vinyozi na matatu. Ukiniambia Muhoroni haina vipaji nitajua hujawahi kushuka stendi yetu. Mimi siulizi kuhusu vipaji. Nauliza: huyu mtu analipwa wapi, na nani, kwa masharti gani?

Jibu la kweli ni: matangani. Ukumbi mkubwa kuliko yote katika nchi ya Wajaluo ni boma lenye msiba. Hapo ndipo kuna hema, jenereta, maiki, umati usiolala, na mtu mwenye pesa mfukoni. Mpiga muziki wa kijijini huhesabu mwaka wake kwa misiba. Serikali nayo hutangaza marufuku ya disko matanga mara kwa mara, na sababu yake naielewa: usiku ule una hatari kwa watoto, hasa wasichana, na sitaki kuutetea. Lakini hebu fikiria. Kila marufuku inapotangazwa, jukwaa la pekee lenye mshahara linafungwa, na hakuna ofisa hata mmoja anayeuliza wanamuziki wale waende wakapigie wapi.

Ndani ya matanga hayo, na kwenye baa, na kwenye harusi, kuna utaratibu wetu wa zamani wa kulipa sanaa. Unaitwa pakruok. Mpiga nyatiti au bendi iko katikati ya wimbo. Mtu anasimama, anausimamisha wimbo, anatoa hela, kisha anajisifu, au anamsifu rafiki yake, shemeji yake, ukoo wake, hata mto wa kwao. Anasema kwa mafumbo na utani, watu wanaangua kicheko, mwanamuziki anayapokea majina na kuyaingiza, wimbo unaendelea. Mimi naupenda sana mtindo huu. Hadhira nayo hutunga ushairi pale pale, na hulipia nafasi hiyo. Hakuna fomu ya kujaza, hakuna semina, hakuna posho ya vikao. Ukitaka kunionyesha baraza la sanaa la kwanza la Wajaluo, nionyeshe pakruok.

Lakini pakruok ina sheria moja: anayetoa ndiye anayetajwa. Sheria hiyo ilikuwa na haki yake wakati kila mtu kwenye boma alikuwa na shilingi mbili tatu. Mvuvi alisimamisha wimbo, mwalimu akausimamisha, mjane akausimamisha, na usiku ukawa wa wote. Siku alipoingia mtu mmoja na bunda la noti, usiku ukawa wake. Na hilo ndilo lililotupata. Siasa iliichukua pakruok yetu mzima mzima. Leo wimbo haukatizwi na jirani mwenye utani. Unakatizwa na msaidizi wa mheshimiwa aliyetumwa na bahasha. Hakuna mafumbo tena, ni jina na cheo, jina na cheo, mpaka alfajiri. Kijana anayejifunza ohangla leo anajua majina ya wagombea wote wa kaunti kabla hajajua mapigo kumi ya ngoma.

Haikuwa hivi daima. Daniel Owino Misiani, aliyezaliwa Shirati upande wa Tanzania mwaka 1940 na kufanya kazi yake kubwa huku kwetu na bendi ya Shirati, aliweka siasa ndani ya mafumbo ya benga kiasi kwamba serikali ilimkamata. Huyo hakuwa mwanamuziki wa kutaja majina ili apewe bahasha. Kama tungetaka Misiani mwingine atoke Ombeyi au Koru leo, angekula nini akiwa njiani?

Mimi huandika tamthilia za kundi dogo. Tunafanyia mazoezi darasani siku za Jumamosi, mwenye ufunguo akipatikana. Ofisi moja ilituita kutumbuiza wageni katika hafla yake. Tuliambiwa tufike saa moja asubuhi. Tulikaa nyuma ya hema mpaka saa tisa alasiri, wengine wakiwa na rangi usoni tangu alfajiri. Dakika kumi kabla ya zamu yetu akaja bwana mmoja mwenye kitambulisho shingoni: igizo lilikuwa la nusu saa, tuna dakika nne, na katika dakika hizo tumtaje mgeni wa heshima mara tatu. Tukauliza kuhusu malipo. Akacheka kwa upole kabisa, akasema, "Si mmepata jukwaa, jameni?" Kisha kreti ya soda ikaletwa.

Sisimulii haya ili mtuonee huruma. Kila kundi la sanaa kutoka Busia hadi Migori lina hadithi hii, linabadilisha tu rangi ya hema. Nataka tulitazame lile neno "kutumbuiza". Kwenye ratiba za hafla zetu sanaa huandikwa chini ya maombi na juu ya chakula. Ni kitu cha kujaza muda wageni wakichelewa. Fundi wa hema analipwa. Mwenye spika analipwa. Mpishi analipwa, na asipolipwa sufuria zinarudi nyumbani zikiwa na pilau ndani. Msanii peke yake ndiye anayelipwa kwa kuonekana. Mkono mtupu haulambwi, wasee, hata ukipigiwa makofi.

Kuna watakaosema tatizo ni wanasiasa tu, tutafute mfadhili mwema. Mfadhili mwema tumemjaribu. Mfadhili wetu alikuwa sukari. Chemelil Sugar, timu ya kampuni, ilicheza Ligi Kuu ya Kenya kwa miaka mingi. Muhoroni Youth nayo ilifika huko. Watoto wa mashamba ya miwa waliwaona Gor Mahia na AFC Leopards wakija kucheza kwao. Leo hakuna hata moja kati ya hizo mbili iliyoko Ligi Kuu. Kampuni ya sukari ya Muhoroni iliwekwa chini ya mrasimu tangu 2001. Miwani ikanyamaza. Mwaka 2025 serikali ikavikodisha viwanda vinne vya umma, Chemelil na Muhoroni vikiwemo, kwa watu binafsi kwa miaka 30. Labda sukari itarudi, na nawaombea wakulima irudi. Lakini somo ni lile lile: raha ya mji iliyotundikwa kwenye msumari mmoja huanguka siku msumari unapong'oka.

Mfadhili wa tatu ni mradi. Shirika linakuja, linalipa vizuri kuliko wote, na linakuja na mada yake: malaria, ukimwi, kunawa mikono, amani. Nimeandika maigizo ya namna hiyo na sioni haya; watu wamepimwa afya zao kwa sababu ya maigizo. Lakini mhusika wa igizo la mradi hawezi kuwa mtu. Lazima awe mfano mbaya mpaka dakika ya ishirini, halafu abadilike. Hawezi kuwa mwanamke anayecheka msibani, au mkata miwa anayempenda mtu asiyefaa. Na misaada ya Marekani ilipokatwa mwaka 2025, kila mtu kandokando ya ziwa aliona jinsi mradi unavyoweza kufa kabla mabango yake hayajapauka.

Kwa hiyo tuna mabwana watatu. Mheshimiwa anataka jina, kampuni inataka nembo, mradi unataka ujumbe. Wote wanalipa kwa pakruok. Hakuna anayelipa ili igizo liwe zuri tu, basi.

Sasa, je, inawezekana kijiji kujimilikia sanaa yake Kenya hii? Iliwezekana. Kamiriithu, Limuru, mwaka 1977. Limuru ilikuwa na kiwanda cha viatu cha Bata na mashamba ya chai, kama sisi tulivyo na viwanda vya sukari na mashamba ya miwa. Wakulima na wafanyakazi walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kukaa watu 2,000 hivi. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ waliandika mswada wa Ngaahika Ndeenda, lakini wanakijiji waliurekebisha mazoezini: huyu hasemi hivi, mzee haongei namna hii, wimbo huu tunauimba tofauti. Onyesho lilianza Oktoba 1977. Novemba kibali kikaondolewa. Tarehe 31 Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Walipojaribu tena na tamthilia nyingine mwaka 1982, Kenya National Theatre ikafungiwa, na Machi mwaka huo polisi wakaubomoa ule ukumbi wa Kamiriithu.

Watu husimulia hadithi hii kama ya mwandishi shujaa. Alikuwa shujaa, na tulimlilia alipofariki Mei 2025. Lakini mimi naisoma kama hadithi ya jengo. Serikali iliweza kumfunga mwandishi na kumwachilia. Jengo ndilo walilolibomoa. Walijua kabla yetu kwamba hatari haimo kwenye kitabu. Imo kwenye ukumbi ambao ufunguo wake uko mfukoni mwa mkulima.

Usiniambie hayo ni ya kale. Aprili 2025, kule Nakuru, wasichana wa Butere walifika kwenye tamasha la kitaifa la drama na igizo lao Echoes of War. Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru waruhusiwe kuigiza. Walichokipata ni polisi na vitoa machozi. Waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka. Amri ya mahakama walikuwa nayo. Jukwaa hawakuwa nalo, kwa sababu jukwaa lilikuwa la wizara, na mwenye jukwaa ndiye huzima taa.

Hii ndiyo sababu siwezi kusema tu "tuundiwe baraza" nikalala. Neno baraza lina mitego yake. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ina BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya 1984. Desemba 2018 baraza hilo liliwafungia Diamond Platnumz na Rayvanny wasifanye maonyesho kwa ajili ya wimbo wao "Mwanza". Zanzibar wana baraza lao, na neno "Sensa" limo ndani ya jina lake rasmi, halijafichwa hata kidogo. Uingereza walipounda Baraza la Sanaa mwaka 1946 walijaribu kanuni tofauti: serikali itoe pesa, isishike kalamu. Hata wao wamegombana kuhusu kanuni hiyo tangu wakati huo. Lakini kanuni yenyewe ni nzuri, na sisi tunaweza kuiandika kwa lugha yetu: toa, usitajwe.

Pesa itoke wapi? Itoke pale ambapo Katiba inasema. Katiba ya 2010, Kifungu cha 11, inaliagiza dola kukuza sanaa. Kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa, kwa maneno ya wazi. Na Jedwali la Nne linazipa kaunti shughuli za kitamaduni na burudani za umma. Si Nairobi. Si mfadhili. Kaunti ya Kisumu. Kwa hiyo tukienda kuomba, hatuombi. Tunadai kazi ifanyike na mwenye kazi.

Tena kuna pesa nyingine tunayoichangia kila Jumamosi bila kujua. Tangu 2018 kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, inayolishwa na kodi za kamari. Muhoroni tunabeti, wacha tusidanganyane. Kijana anapoteza mia mbili kwa timu ya Uingereza ambayo hajawahi kuiona, na sehemu ya kodi yake inaingia kwenye hazina yenye neno sanaa katika jina lake. Basi hiyo sanaa ifike pia pale ilipotoka ile mia mbili.

Tufanye hesabu ndogo, ya dukani. Wadi tano, shilingi milioni moja kwa kila wadi kwa mwaka. Onyesho moja lenye wasanii kumi, kila mmoja Sh2,000, ni Sh20,000. Spika na fundi wake Sh15,000. Usafiri na maji Sh5,000. Jumla Sh40,000. Onyesho moja kila mwezi katika wadi moja ni Sh480,000 kwa mwaka. Zinabaki Sh520,000 za mazoezi, ala, mavazi na mwalimu wa nyatiti wa kufundisha watoto kabla wazee hawajaisha. Kwa wadi zote tano ni maonyesho 60 kwa mwaka, kwa milioni tano. Maonyesho 60! Muhoroni nzima ingekuwa na mahali pa kwenda kila wikendi, na chenji.

Na sheria za baraza lenyewe zisijaze hata ukurasa mmoja. Wajumbe saba: mmoja kutoka kila wadi, aliyechaguliwa na wasanii waliojiandikisha, na wawili zaidi, mmoja wa chini ya miaka 25 na mmoja mwenye ulemavu. MCA haingii. Chifu haingii. Anayetaka kugombea kiti 2027 haingii, na akiwa ndani anatoka. Kipindi ni miaka miwili, hakuna kurudi mara mbili mfululizo. Lisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, ili liwe na akaunti na liweze kushtakiwa. Hesabu zibandikwe ukutani sokoni kila miezi mitatu, jina na shilingi, mtu asome akisubiri boda. Msanii alipwe nusu kabla na nusu siku ya onyesho. Mazoezi yalipwe. Soda si malipo.

Baraza lisitoe vibali, lisifungie mtu, lisiwe na neno "maadili" katika katiba yake, kwa sababu polisi tunao tayari. Na sheria ya mwisho, ile ambayo najua itawaudhi wengi: kazi yoyote iliyolipiwa na baraza isimtaje aliyelipa. Si gavana, si mbunge, si mwenyekiti wa baraza. Hata asante isiimbwe. Pakruok ibaki ya jirani na jirani, mwenye hela yake mwenyewe. Pesa ya umma haijisifu kwa pesa ya umma.

Nasikia mtu kule nyuma akisema: hospitali hazina dawa, Nyando inafurika, wakulima wanadai malipo ya miwa, na huyu anataka ngoma. Sawa. Kwanza, ngoma tayari zinalipiwa. Hema la hafla, spika za hafla, chakula cha hafla, vyote vina risiti. Sisi tunataka sehemu ya pesa hiyo itoke kwenye hafla iende kwenye kazi. Pili, usinichagulie kati ya dawa na wimbo wakati aliyekula dawa si mwimbaji. Tatu, mpaka huu wetu na majirani umewahi kuwaka moto. Waliokuwepo baada ya uchaguzi wa 2007 hawahitaji kukumbushwa. Kila uchaguzi tunaletewa mikutano ya amani yenye viti vya plastiki na hotuba. Mimi ningependa tujaribu onyesho moja kila mwaka ambapo kundi la Koru na kundi la kutoka Kericho au Nandi wameandika igizo pamoja kwa miezi mitatu, wakigombana kuhusu nani atamfanya mwizi awe wa kabila gani. Ugomvi huo ukimalizika mazoezini, utakuwa umefanya kazi kuliko hotuba kumi.

Mwingine, kijana mwenzangu huyu, ananiambia: baraza la nini, TikTok ipo, soko litaamua. Soko nalijua. Soko hununua muwa uliokomaa, halipalilii. Muwa wetu hukaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, na hata kampuni ya sukari, pamoja na ubaya wake wote, ilijua lazima mkulima akopeshwe mbegu na mbolea kabla ya kuvuna. Msanii anaambiwa alete sukari kesho. Na hata ukifaulu, mwaka 2019 chama cha hakimiliki cha MCSK kiligawia wanamuziki wake Sh2,530 kila mmoja. Hiyo ndiyo mirabaha ya soko. TikTok nayo ni pakruok tu ya simu: anayetazamwa ni yule anayejua kupiga kelele ndani ya sekunde tatu. Kuna vitu vizuri haviwezi kuanza kwa sekunde tatu. Nyatiti yenyewe huchukua muda kutuniwa.

Wa tatu anasema: hao saba wenu watakula. Huenda wakajaribu. Ndiyo maana kuna ukuta wa sokoni na miaka miwili. Lakini ona jinsi swali hili linavyoulizwa. Barabara ikiliwa tunasema mkandarasi afungwe. Hatusemi barabara zisijengwe tena. Sanaa peke yake ndiyo inayotakiwa kuthibitisha utakatifu kabla haijapewa senti.

Basi wale mlio na hasira kama yangu, ziwekeni kwenye kalenda. Bajeti ya kaunti haipikwi Juni. Juni ni kupakua. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka unafika kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Kabla ya tarehe hizo kuna vikao vya wananchi kutoa maoni. Nimeshahudhuria. Utakuta wazee wa maji, akina mama wa zahanati, watu wa barabara, kila mmoja na karatasi yake. Wasanii huwa nje, wakijiandaa kutumbuiza kikao.

Tusitumbuize kikao. Tuingie tukae kwenye viti. Tubebe karatasi moja yenye mambo matatu: milioni moja kwa kila wadi, wajumbe saba wasiotaka kura, na jina la mtu lisiimbwe. Tuombe mstari wetu uandikwe kwenye kitabu cha bajeti kwa neno "sanaa", usichanganywe na "hafla na ukarimu". Wakituuliza burudani iko wapi leo, tuwaambie itaanza pesa ikiingia.